Re: Mama ana mtoto wa jicho, je kuna dawa ya matone?

Mkuu, umeuliza kama matone yanaweza kumponya mama yako wa Tukuyu bila kupasuliwa. Hapana. Mtoto wa jicho si utando wa juu unaofutika. Ni lenzi yenyewe ndani ya jicho imepata ukungu, kama ule wa milima ya Uporoto asubuhi, mwanga haupenyi vizuri. Hakuna tone linalorudisha lenzi hiyo ikawa safi. Na asali au maji ya majani msimtie kabisa, yanaweza kuunguza kioo cha mbele cha jicho au kuleta maambukizi.

Tiba ni upasuaji: ganzi ya jicho tu, mara nyingi dakika 15 hadi 30, lenzi iliyochakaa inatolewa na kuwekwa ya bandia. Bibi yangu alirudi nyumbani Iringa siku ileile, wiki iliyofuata akawa anachambua maharage mwenyewe (na kutukosoa tunavyofagia!).

Mpeleke kliniki ya macho, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya mfano. Wampime sukari, pia presha ya macho, maana hiyo ikiharibu mshipa wa fahamu wa jicho, uoni uliopotea haurudi.