Kuota Huku Unajua Unaota

SWALI: Mhariri, mara kwa mara huota huku nikijua kabisa kwamba naota, na nikizinduka hujiuliza kama kweli nimeamka. Je, hali hii imethibitishwa? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Imethibitishwa, ndugu msomaji, tena kwa werevu. Katika awamu ya usingizi yenye ndoto nyingi, misuli mingi hulegea kabisa, lakini ya macho haizuiliki. Ndiyo maana mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alikubaliana na Alan Worsley, mtu aliyezoea kuota huku akijua anaota, kwamba Worsley akitambua kuwa anaota, apeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu, nayo mashine ikairekodi ishara hiyo huku mawimbi ya ubongo yakionyesha kwamba bado amelala. Ama kujua kama kweli umeamka, kujifinya, kwa maoni yangu, hakutoshi, kwani hata maumivu huweza kuotwa. Afadhali ufumbe mdomo, ubane pua, kisha ujaribu kuvuta pumzi: ikiingia, ungali ndotoni. Maandishi nayo, ukiyasoma mara ya pili ndotoni, mara nyingi hubadilika. Na ukiamka, ukanawa uso, halafu ukaamka tena, usiogope. Kuamka huko kwa uongo huwapata wengi.