Pete nyepesi ya chipu kwa njiwa wa mashindano: ndoano, bawaba na mahali pa kulaza chipu

Mkuu, umeuliza namna ya kubuni pete ya mguu iliyo nyepesi, inayobeba chipu (kidude kinachosomwa na antena njiwa akitua bandani) na kufungwa kwa vidole bila koleo, na umesema ile uliyochapa kwa mashine ya 3D kwa PLA, plastiki ngumu ya kuchapia, ilikatika ndoano kabla haijafika mguuni. Ndoano nitaifikia. Kwanza tutenganishe pete mbili ambazo watu huzichanganya.

Pete ya utambulisho haina mshono. Kinda huvishwa akiwa na siku 5 hadi 10: vidole vitatu vya mbele vinatangulia, cha nyuma kinalazwa sambamba na mguu, pete inasukumwa mpaka ivuke, kisha kidole kinachomolewa taratibu. Mguu ukikua, pete haitoki tena. Hiyo usiiguse. Thamani yake yote ni kutofunguka. Yule jike wa Ubelgiji, New Kim, aliyeuzwa euro milioni 1.6 mwaka 2020, nani angemnunua kwa bei hiyo akiwa na pete ya kubofya? Unayobuni wewe ni ya chipu, ya mguu wa pili. Vyama hukubali chipu zilizoidhinishwa tu, kwa hiyo ya kuchapa nyumbani ibaki ya mazoezi na kumbukumbu za banda.

Kuhusu uzito, piga hesabu kabla ya kuhangaika. Kipenyo cha ndani 8 mm, ukuta 1 mm na kimo 8 mm vinakupa karibu milimita 226 za ujazo. Kwa alumini hiyo ni gramu 0.61, kwa nailoni PA12 gramu 0.23, kwa polipropilini gramu 0.20. Njiwa mwenyewe ana gramu 400 hadi 500. Plastiki ikishachaguliwa, kukwangua ukuta kutoka 1 mm hadi 0.8 mm kunaokoa takriban gramu 0.05, si kitu. Kinachomsumbua ndege ni kingo kali na nundu inayogonga mguu wa pili. Kingo zote za juu na chini zipewe mviringo wa angalau 0.4 mm, ndani na nje.

Chipu ya kioo ya kawaida ni 2.12 kwa 12 mm. Ilaze sambamba na mguu, si kuuzunguka. Antena ya ubao wa kutua ni koili bapa, na katikati yake uga wa sumaku unapanda wima. Koili ya chipu nayo inatakiwa iwe wima. Chipu iliyolazwa mlalo husomwa ndege akikanyaga ukingo wa antena, akifika katikati inapotea, na mtu analaumu mashine bure. Mfuko wake uwe na kipenyo cha 2.5 mm na urefu wa 13 mm, yaani upite kimo cha pete, ncha zikichongwa mshazari kuelekea ukutani. Usiugonge mle ndani kwa nguvu, kioo kinapasuka. Jaza silikoni laini, iache saa 24 kabla ya kuvisha. Na chipu isikae mguu mmoja na pete ya alumini: duara la chuma lililofungika hunyonya nguvu ya antena.

Sasa ndoano. Mkunjo wa mkono wa ndoano, yaani kiasi plastiki inavyonyooshwa mkono ukipinda, kwa makadirio, ni 3 × unene × kina cha ndoano ÷ (2 × urefu × urefu). Mkono wa unene 0.8 mm, ndoano ya 0.4 mm na urefu wa 3 mm unatoa asilimia 5.3. PLA haifiki huko, inavunjika. Refusha mkono hadi 5 mm, unashuka hadi asilimia 1.9, na nailoni au polipropilini inabeba bila shida. Yaani urefu ndio unaookoa. Wengi hukimbilia kunenepesha mkono, na hapo wanazidisha mkunjo.

Ndoano isibaki nje, itanasa kwenye wavu wa banda, wala isiwe ndani, itakwaruza ngozi. Ipitishe kwenye handaki pembeni mwa mfuko wa chipu, upenyo wa 0.2 mm kila upande, idondoke kwenye kidirisha kwa mlio wa "tik". Nundu zinakuwa moja badala ya mbili. Bawaba ikae upande wa pili kabisa, unene 0.4 mm.

Kuchapa: simamisha pete kama kikombe, tundu likitazama juu, ili nyuzi za plastiki zizunguke duara pamoja na mkono na bawaba. Ukiilaza ubavu, tabaka zinakatiza mkono na unavunjika palepale, hata nailoni. Polipropilini haishiki kwenye kitanda cha mashine. Bandika selotepu ya kahawia ya kufungia maboksi, nayo ni polipropilini, itashika. PLA iache kabisa: hata ukirekebisha ndoano, bawaba nyembamba itakatika, na joto la nyuzi 60 hivi huilegeza, kiwango ambacho gari lililofungwa juani linaweza kukaribia.

Kuvisha ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika ndege miguu ikiwa nyuma, mwingine anakunja bawaba mara kadhaa kwanza, anazungusha pete mguuni, anahakikisha ngozi haijaingia kwenye mshono, ndipo anabofya. Ukishafunga, izungushe na uipandishe na kuishusha: iende huru, bila kuweza kuvuka vidole. Gundi ya haraka usiitumie mguuni, inatoa joto ikikauka.

Wiki ya kwanza kagua kila siku, hasa nywele na nyuzi zilizojisokota na kinyesi kilichokauka kati ya pete na mguu. Hivyo ndivyo vinavyovimbisha mguu hata pete ikiwa na kipimo sahihi. Mguu ukianza kuvimba, usihangaike na ndoano. Ingiza ncha butu ya mkasi mdogo wa kucha chini ya bawaba, ukate hapo.