Aliyemwachia mkewe kicheko

Swali la wiki hii linauliza: mume na mke wakifanya kazi moja, nani atangulie? Mimi nasema atangulie yule ambaye watu wamemfuata. Jibu hili nimelipata kwa George Burns na Gracie Allen, mume na mke waliowachekesha Wamarekani redioni tangu 1932. Rekodi zao nyingi bado zinapatikana mtandaoni, nami huzisikiliza usiku nikikunja nguo za wateja.

Walikutana New Jersey mwanzoni mwa miaka ya 1920, wote wawili wakihangaika na majukwaa ya vichekesho. George ndiye aliyetunga, na maneno ya kuchekesha akajipa mwenyewe. Gracie akapewa kuuliza tu. Siku ya onyesho lao la kwanza, watu wakacheka maswali ya Gracie, na vichekesho vya George vikapita kimya. Mwingine angemlaumu mwenzake kwamba anamharibia. George alikaa akaandika upya, vichekesho vyote akampa Gracie, yeye akachukua maswali. Wakaoana Cleveland, Januari 1926, na mpangilio ule ukadumu mpaka Gracie alipostaafu 1958.

Watu hudhani anayeuliza hana kazi. Msikilizeni George vizuri. Anatupa swali, kisha ananyamaza mpaka kicheko kianze kushuka, ndipo anatupa jingine. Akiwahi, anakifunika kicheko, akichelewa, kinapoa. Na Gracie wa redioni hakuwa mjinga, ingawa wengi walimchukulia hivyo. Hoja zake zilinyooka kabisa, ila zilianzia mahali ambapo mtu mwingine asingeanzia. Bila mtu wa kumuuliza "kwa nini?" kwa upole, hoja hizo zisingetoka. Mwaka 1933 alikuwa akijitokeza ghafla kwenye vipindi vya watu wengine akijifanya anamtafuta kaka yake aliyepotea, mpaka kaka yake wa kweli, mhasibu wa San Francisco, akalazimika kujificha kwa usumbufu.

Lakini kinachonigusa zaidi ni walichofanya 1942. Kwa takriban miaka kumi redioni waliigiza kama vijana wasiooana, Gracie akitaniana na wanaume wengine, ilhali wasikilizaji walijua kuwa ni mke na mume na wanalea watoto wawili. Wasikilizaji wakaanza kupungua. George akang'amua kwamba wao wamekua, utani wao umebaki palepale. Wakaacha kujifanya vijana, wakaigiza mke na mume waliomo nyumbani kwao, na kipindi kikapata uhai tena. Napenda kwamba dawa ilikuwa ni kusema ukweli wa ndoa yao.

Mimi na mke wangu ni mafundi cherehani. Tulipofungua kibanda chetu niliweka meza yangu mlangoni, kwa sababu mimi ndiye niliyemtangulia kuijua kazi. Wateja wakawa wanaingia, wananisalimia vizuri, halafu wanauliza: "Mama yupo?" Ilinichukua miaka miwili kuihamisha ile meza. Sasa yeye anapima na kukata, mimi napokea oda, nafuata uzi na vifungo, napiga pindo na pasi. Wapo wanaoniambia mke amenikalia. Hawajui gauni linavyotoka likikatwa na mtu aliyetulia, asiyesumbuliwa kutafuta zipu mteja akiwa amesimama mlangoni. Utulivu ule ninautengeneza mimi, kila siku, na ni kazi.

George alikuwa na sigara yake nene jukwaani, na alisimulia mwenyewe kwamba kabla ya onyesho alikuwa akichunguza upepo unakoelekea, ili moshi usimwendee Gracie usoni. Hakuna mtazamaji aliyelipa kiingilio kuona hilo.

Miaka yote kazi yao ilitangazwa kwa jina la Burns na Allen, la mume likitangulia. Gracie alifariki 1964. George aliishi hadi 1996, akafikisha miaka 100, akazikwa pamoja naye Forest Lawn, California. Pale kaburini jina la Gracie ndilo limeandikwa kwanza. George ndiye aliyetaka iwe hivyo.