Bosi Akiuza Hisa, Soma Fomu Kabla Hujauza Zako

Habari ikitoka kwamba mkuu wa kampuni ya teknolojia kauza hisa za mamilioni ya dola, mwenye hisa zake kumi hushtuka naye akauza. Mara nyingi hakuna aliyefungua fomu.

Fomu yenyewe ni bure. Iko EDGAR, hifadhi ya nyaraka za SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, na huitwa Fomu 4. Mkuu wa kampuni hupaswa kuiwasilisha ndani ya siku mbili za kazi baada ya muamala. Anza na herufi inayoonyesha aina ya muamala. F ni hisa zilizokatwa kulipia kodi; ipuuze. M ni kuchukua hisa alizoahidiwa na kampuni. S ni mauzo, P ni kununua kwa fedha zake. P ni adimu kwenye teknolojia, maana wakubwa hawa hulipwa hisa tayari, kwa hiyo ukiiona, tulia uisome.

Hata S usiihukumu kabla ya kusoma tanbihi. Tangu Aprili 2023 fomu ina kisanduku cha mauzo yaliyopangwa mapema chini ya kanuni ya 10b5-1. Siku hizi mkuu akishaweka mpango husubiri angalau siku 90 ndipo auze, hivyo unachokisoma leo kiliamuliwa zamani. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, aliweka wake Novemba 2023. Februari 2024 zikauzwa hisa milioni 50 za Amazon kwa takriban dola bilioni 8.5, karibu 170 kila moja. Mwaka ulifungwa bei ikiwa juu ya 200.

Kisha pima alichouza dhidi ya alichobakiza: 60,000 kutoka milioni 2 ni asilimia 3 tu. Mtego uko hapa: hisa zilizo kwenye amana za familia (trust) huandikwa mistari ya chini, zikiwa na alama I, yaani umiliki usio wa moja kwa moja. Anayeishia mstari wa kwanza hudhani bosi kabaki mikono mitupu.

Cha kutia wasiwasi ni wakuu watatu au wanne wakiuza bila mpango ndani ya miezi michache, kila mmoja akipunguza theluthi ya alizonazo. Hapo rudi kwenye hesabu za kampuni.

Kwa upande wako, weka kikomo mapema; asilimia 10 ya akiba kwa kampuni moja inatosha. Ukiwa na akiba ya dola 4,000, na kati ya hizo hisa zako za Nvidia, kampuni ya chipu za kompyuta, zimefika dola 1,000, uza za 600 uzihamishie kwingine, bosi auze asiuze. Na kama una mfuko unaofuata Nasdaq-100, orodha ya kampuni kubwa za soko la Nasdaq, Nvidia imo humo tayari, ihesabu.

Kwa aliyeko Tanzania au Kenya, fomu W-8BEN, anayojaza mwekezaji asiye Mmarekani, haipunguzi kodi ya gawio, kwa kuwa hakuna mkataba wa kodi na Marekani: asilimia 30 hukatwa. Na hisa za Marekani zikizidi dola 60,000, warithi wako wanaweza kudaiwa kodi ya mirathi huko, hata kama hujawahi kukanyaga.