Kompresa ya kupulizia rangi: muulize muuzaji lita kwa dakika

Swali: Shikamooni mafundi. Nataka kupulizia rangi Corolla yangu mwenyewe, nyumbani. Dukani kuna kompresa ya HP 2 yenye tangi la lita 50, na nyingine ya mkanda, HP 3, lita 100, bei karibu mara mbili. Muuzaji anasema ile ndogo inamaliza gari zima kwa sababu inafika baa 8. Nichukue ipi? *(Msomaji, Morogoro)*

Jibu: Marahaba. Baa 8 ni kipimo cha presha tu, isikushawishi. Gani, yaani bastola ya kupulizia rangi, inahitaji kama baa 2 tu, ila inazitaka mfululizo bila kukatika. La kuuliza ni hili: mashine inatoa lita ngapi za upepo kwa dakika? Soma kibandiko kwa makini, maana namba kubwa iliyoandikwa mara nyingi ni hewa inayovutwa na pistoni. Inayotoka kweli ni kama asilimia 60 hadi 70 ya hiyo. HP 2 iliyoandikwa lita 200 tegemea 120 hadi 140.

Sasa piga hesabu. Gani ya kawaida ya HVLP (upepo mwingi, presha ndogo) hula lita 250 kwa dakika, nyingine zaidi ya hapo. Tangi la lita 50 likishuka kutoka baa 8 hadi 3 limekupa lita 250 za upepo, yaani 50 mara 5. Gani inakula 250, pampu inarudisha 130, pengo ni 120 kila dakika. Dakika mbili umeishiwa, na hiyo ni bonneti peke yake, kwa kukimbizana. Presha ikianguka katikati ya mkono, rangi hutoka kwa matone makubwa na kukauka kama ganda la chungwa. Ikiwa rangi ni metaliki ni balaa zaidi: chembe zake hulala vibaya na kuacha mabaka ambayo hayafutiki kwa polishi, unasugua na kurudia.

Ile ya HP 3 ikitoa lita 200 za kweli, tangi lake linakupa 500 na pengo ni 50 tu. Hizo ni dakika kumi. Ukiweza, chukua hiyo.

Usipoweza, nunua ndogo lakini ubadilishe gani. Tafuta ya LVLP (upepo kidogo, presha ndogo), inayokula lita 110 hadi 170, ncha ya milimita 1.3 au 1.4 kwa rangi na klia, ile rangi angavu ya juu. Inakwenda polepole, kwa hiyo fanya kipande kimoja kimoja: mlango, pumzisha mota, tangi lijae, ndipo uende fenda. Mota ndogo zisizo na mkanda hazipendi kufanya kazi zaidi ya nusu ya muda.

Kuhusu umeme: HP 3 ya fezi moja huvuta kama ampea 14 ikizunguka, na mara kadhaa ya hapo inapowaka. Soketi ya ampea 13 haiwezi. Fundi umeme aivutie laini yake, waya wa milimita za mraba 2.5, swichi ya ampea 20. Wala usiiwashe kwa ekstensheni nyembamba: umeme hupungua njiani, mota inanguruma bila kuzunguka, kisha inaungua. Refusha mpira wa upepo, usirefushe waya. Mpira uwe na tundu la milimita 10. Ule wa 6 unakaba upepo kabla haujafika kwenye gani.

Swali: Nimepata kompresa ya mtumba ya lita 100, haina kibandiko wala karatasi. Nitajuaje kama bado ina nguvu? *(Msomaji, Kisauni, Mombasa)*

Jibu: Tumia saa ya simu. Funga koki ya kutolea, iwashe, geji ikigusa baa 4 anza kuhesabu, ikigusa 6 simamisha. Zidisha lita za tangi kwa baa zilizopanda, ugawanye kwa dakika. Lita 100 mara baa 2 ni 200: ikitumia dakika moja, inatoa lita 200. Ikitumia mbili, inatoa 100, na hapo ringi za pistoni au valvu za kichwa zimechoka. Pulizia pia upepo kwenye karatasi nyeupe kwa dakika moja. Ikipata madoa ya oili, ringi ndizo mbovu.

Hivyo vyote vinatengenezeka. Tangi halitengenezeki. Ukiona kiraka cha kuchomelea, au koki ya chini ikitoa maji mazito ya kutu na magamba, iache hata kwa bei ya kutupa. Tangi lililoliwa na kutu linaweza kupasuka likiwa na presha. Vuta pia pete ya valvu ya usalama: lazima ipumue na kufunga.

Swali: Nina kichujio cha maji pale kwenye tangi, lakini rangi bado inatoa vishimo vya duara. Kwa nini? *(Msomaji, Tanga)*

Jibu: Kichujio kiko mahali pabaya. Upepo ukitoka kwenye pampu una joto, na maji yaliyomo bado ni mvuke; yanapita kichujio na kugeuka matone ndani ya mpira. Pwani kwenye unyevu ndiyo zaidi. Funga bomba la chuma la mita 7 au 8 liinamie kuelekea koki ya kumwagia maji, upepo upoe humo, kisha ndipo uweke kichujio. Mwaga maji ya tangi kila siku. Vishimo vikitokea kwenye kipande kimoja tu, basi si maji. Ni polishi yenye silikoni iliyobaki kwenye bati. Safisha kwa kiondoa nta, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufutia.

Swali: Barakoa ya vumbi inatosha kwa rangi za 2K, zile za kuchanganywa na hadena (kigumishi)? *(Msomaji, Nakuru)*

Jibu: Haitoshi hata kidogo. Hadena yake ina kemikali iitwayo isosayanati, inayoweza kukuachia pumu ya kudumu. Vaa angalau barakoa yenye katriji za A2P3 (huzuia mvuke wa kemikali na chembe ndogo), miwani na glavu, na kompresa ikae nje ya chumba cha kupulizia: cheche ya swichi yake inaweza kuwasha mvuke wa tina, yaani kiyeyusha rangi.