Dedilifti Ipi Inamfaa Winga Aliyechanika Nyama za Paja?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni winga mwenye umri wa miaka 22 katika timu ya Ligi ya Mkoa, Morogoro. Msimu uliopita nilichanika nyama za nyuma ya paja la kulia mara mbili, na mara zote nilikuwa katika mbio za kasi. Daktari ameniruhusu kurudi mazoezini na kocha anataka ninyanyue vyuma, lakini jimu ninayokwenda kila mtu ana dedilifti yake, yaani zoezi la kuinama na kunyanyua chuma kizito hadi kusimama wima: wapo wanaonyanyua chuma kutoka sakafuni kwa miguu iliyokaribiana, wapo wanaotanua miguu, na wapo wasiokifikisha chuma chini kabisa. Mechi zetu ni Jumamosi. Nichague ipi, na niifanye siku gani?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa majeraha hayo. Kwamba ulichanika ukiwa katika kasi ndilo jambo litakalotuongoza, kwa sababu mtu anapokimbia, nyama za nyuma ya paja huelemewa zaidi pale mguu uliorushwa mbele unapokaribia kukanyaga, ambapo misuli hurefuka huku ikikaza ili kuuzuia mguu usipitilize. Unahitaji zoezi linaloizoesha misuli kukaza ikiwa imerefuka.

Kazi hiyo huifanya vizuri dedilifti ya Kiromania, yaani ile ya hao wasiokifikisha chuma chini. Jina hilo linatokana na Nicu Vlad, mnyanyua vyuma wa Romania aliyetwaa dhahabu katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, ambaye Wamarekani walimwona akilifanya zoezi hilo wakaliita kwa nchi yake. Simama wima ukiwa umeshika chuma, legeza magoti kidogo na uyaache hapo hapo, kisha sukuma makalio nyuma, chuma kikiteremka kwa kuambaa na mapaja na mgongo ukiwa umenyooka. Tumia sekunde 3 hivi kushuka. Nyama za paja zikivutika, ambapo kwa wengi ni chini kidogo ya magoti, rudi juu. Anayeendelea kushuka kwa kupinda mgongo ameshauacha mzigo wa paja na kuutwika uti wa mgongo. Anza na chuma kitupu, ambacho kile kikubwa cha kawaida kina kilo 20, kwa seti 3 za marudio 8, na uongeze uzito taratibu.

Hata hivyo, kwa kuwa uliumia upande mmoja, ningependa wiki za mwanzo ulifanye zoezi hilo hilo kwa mguu mmoja, ukishika dambeli, yaani chuma kifupi cha mkono mmoja, kwa mkono ulio kinyume na mguu uliosimamia. Utaona mara moja kama mguu wa kulia unatetemeka kuliko wa kushoto, jambo ambalo chuma cha mikono miwili hulificha.

Dedilifti ya kutoka sakafuni hujenga nguvu kweli, lakini huchosha mgongo wa chini. Sahani kubwa, yaani zile duara za uzito zinazovishwa kwenye ncha za chuma, zenye kipenyo cha sentimita 45 hukiweka chuma sentimita 22.5 kutoka chini. Jimu yenye sahani ndogo tu humlazimisha mchezaji kuinama zaidi, kwa hiyo weka vipande imara vya mbao chini ya sahani. Kama kuna kile chuma cha pembe sita ambacho mnyanyuaji husimama ndani yake, kitumie badala yake, kwani uzito hukaa karibu na mwili na magoti husaidia kuubeba. Ile ya kutanua miguu waachie wanaoshindana kunyanyua, kwani kinena cha winga tayari kina kazi kubwa ya kupiga mipira na kugeuka ghafla.

Kuhusu siku, nyanyua Jumanne, au Jumatano asubuhi ukichelewa sana. Kushuka polepole huacha maumivu ya misuli ambayo mara nyingi hukolea siku ya pili, nami sitaki uingie uwanjani nayo. Usiache mbio za kasi zenyewe wala lile zoezi la kupiga magoti huku mwenzako amekushika vifundo vya miguu nawe ukijishusha mbele polepole, kwani hilo huitumikisha misuli hiyo kupitia goti, ilhali dedilifti huitumikisha kupitia nyonga. Ukisikia mchomo wa ghafla mahali pale pale palipochanika, weka chuma chini na umrudie daktari kabla ya mazoezi yanayofuata.