Kabla hujaandika "endelevu" kwenye lebo yako

Nawasaidia wajasiriamali wadogo kuandika lebo na vipeperushi, na neno wanalolipenda kuliko yote ni "endelevu". Mtengeneza mkaa mbadala analitaka, mshona mikoba analitaka, hata muuza asali. Ushauri wangu kwao wote ni uleule: niambie kwanza bidhaa yako ina sifa gani, ndipo tutafute neno linaloibeba.

Chukua mkaa wa vifuu vya nazi. Vifuu huchomwa kwenye pipa lisiloingiza hewa nyingi, husagwa, huchanganywa na uji wa unga wa muhogo, hukandamizwa kwenye mashine, kisha huanikwa mpaka ukauke kabisa. Hapo tayari una maneno kadhaa ya kweli. "Umetengenezwa kwa mabaki ya nazi" ni kweli. "Hakuna mti uliokatwa" ni kweli pia, mradi kikundi hakichanganyi na chenga za mkaa wa kawaida. "Hauna moshi mwingi" ni kweli ukikauka. Ukiuzwa na unyevu, mteja atajua siku hiyohiyo jikoni. Na mama ntilie anayepika maharage anataka kusikia kwamba moto unadumu. Mwandikie hilo, kwa herufi kubwa.

Maneno mawili yanachanganywa sana: "safi" na "jadidifu", yaani inayorudi tena baada ya kutumika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na gesi ya mtungi imo. Ni haki iwemo, kwa sababu inamwondolea mpishi moshi wa kuni kifuani. Lakini gesi hiyo hutokana na mafuta ghafi na gesi asilia, vitu visivyorudi vikishachimbwa, kwa hiyo si jadidifu. Kuni ni kinyume chake: msitu ukitunzwa huota tena, ila moshi uko palepale. Ukiuza majiko, usiazime sifa ya moja ukaipa nyingine.

"Inayooza" nayo inahitaji uangalifu. Vikombe vya plastiki ya wanga wa mahindi, iitwayo PLA, huoza vizuri kwenye mitambo ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 60. Kikitupwa mtaroni au baharini, kitakaa muda mrefu sana. Na ile mikoba laini mfano wa kitambaa, iliyojaa masokoni baada ya Tanzania kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, mingi ni polipropilini, yaani plastiki. Sifa yake ya kweli ni kwamba inatumika tena na tena. Iandike hiyo, na ushone mshono imara ili iwe kweli.

"Asilia" nitaipita haraka: inaeleza kitu kimetoka wapi, haielezi kilivunwaje. Asali iliyopatikana kwa kuchoma mzinga na nyuki wake bado ni asilia.

Sasa "endelevu" yenyewe. Wazo lake lilikulia msituni. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, afisa wa migodi huko Saxony, Ujerumani, aliona tanuri za kuyeyushia madini zinamaliza miti, akaandika kwamba msitu uvunwe kwa kadiri unavyoota. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ikalipanua: kutimiza mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kutimiza yao. Maana yake basi ni kasi ya kuvuna ikilinganishwa na kasi ya kurudi, na hilo huwezi kuliona kwa kutazama bidhaa. Lazima mtu aonyeshe.

Ndiyo maana naliheshimu neno hili likitumiwa na vijiji vya Kilosa vilivyopanga uvunaji wa mkaa: msitu umegawanywa vitalu, miti inakatwa kwa zamu, visiki vinaachwa vichipue, na mzunguko ni wa miaka 24. Kijiji kina ramani ya vitalu. Kilwa nako, misitu ya vijiji yenye mpingo ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, baada ya wakaguzi wa nje kuipitia. Hao wana cha kumwekea mnunuzi mezani.

Wewe kama huna ramani wala cheti, lebo yako bado inaweza kuuza vizuri kwa ukweli mtupu. Nafasi ikiwa ya mstari mmoja, andika malighafi, ilikotoka na anayeitengeneza: "Mkaa wa vifuu vya nazi kutoka Mkuranga, umetengenezwa na kikundi chetu." Mstari wa pili weka namba ya simu, na mteja akipiga akiuliza vifuu mnavitoa kwa nani, awe na wa kumjibu.